Mama Mapovu, Darasa Lako Limefika kwa Bi Mkubwa

Mwaka umetimia, Mama Mapovu, tangu ulipotuachia kelele za kompresa ya kujazia mitungi hewa na kwenda zako bila hata kuaga. Ulikuwa umelala kitandani kwako, nguo kavu, nywele zimesukwa vizuri, mumeo akikusomea gazeti. Walimwengu waliposikia kwamba mwalimu wa kupiga mbizi amefariki, walitikisa vichwa wakasema, "Si tulisema, bahari haina rafiki." Leo tunawajibu hadharani. Bahari haikukugusa hata unywele mmoja. Ni moyo tu uliochoka, na ulikuwa na haki ya kuchoka, maana uliutumia sana.

Lakini hatukuja hapa kulia. Tulishalia, majirani wote ni mashahidi. Leo tuna habari ya kukupa, na ni habari njema, kwa hiyo tuvumilie kidogo.

Kwa wasiokujua, tuseme tu kwamba uliwafundisha watu kuvuta pumzi chini ya maji. Ulikuwa na chumba kirefu karibu na gati, mitungi ya hewa imesimamishwa ukutani, suti za mpira zinaning'inia kwenye kamba zikitona maji sakafuni, na mdogo wako amekaa mezani mapokezini akigombana na kila aliyerudisha mapezi ya miguuni yenye mchanga. Jina la Mama Mapovu ulilipata kwa sababu ya kucheka. Wenzako wakishuka majini wanakuwa na sura za kwenda mazishini, wewe ulikuwa ukicheka huko huko chini, mapovu yanapanda kama chungu kinachochemka, na wanafunzi wakijua kwamba mwalimu ameona kituko.

Na vituko havikukosekana. Unakumbuka uliposimamisha kibao cha "Tunafundisha Kuzamia", akaja kijana mmoja na begi mgongoni, ameaga kwao kabisa, akauliza meli inayoondoka ni ipi na mtu ajifiche wapi? Mwingine angemfukuza. Wewe ulicheka mpaka ukashika meza, kisha ukamwambia, "Meli ninayo, mwanangu, ila haiendi popote, ipo chini." Ukamfundisha. Leo ndiye nahodha wa boti yetu, tunamwita Begi mpaka kesho, na kibao ukakibadilisha.

Meli yenyewe ulikuwa ukiiita Bi Mkubwa. Ilizama zamani na shehena ya masinki ya kunawia mikono, ikalala ubavu kando ya mwamba wa matumbawe, na ulisema ni mnene, ni mtulivu, na hapendi kuguswa. "Bi Mkubwa hashikwi," ulikuwa ukiwaonya. "Mnamtembelea, mnamwamkia, mnaondoka." Mwanafunzi mgeni alikuja amejifunga risasi za uzito kiunoni kama mtu anayetaka kuhamia huko chini. Wewe ulimpunguzia moja moja, ukimfundisha kupandisha na kushusha mwili wake kwa pumzi peke yake, mpaka aelee katikati ya maji bila kugusa juu wala chini. Akishangaa, ulimjibu, "Ukiona vyaelea, vimeundwa."

Jambo moja lilikuwa lako peke yako. Chini ya maji ulikuwa ukikunja mikono kifuani. Mwanafunzi akitapatapa na miwani iliyojaa maji, walimu wengine humrukia wakamsafishia. Wewe ulisogea karibu kabisa, ukamtazama machoni, mikono kifuani, kama mama mkwe anayemtazama mkaza mwana akifagia ua. Watu walikuona mkatili. Ulisema, "Mkono wangu ukifika kwanza, wa kwake hautafika kamwe. Na siku moja hatakuwa na mkono wangu."

Hilo ndilo lililomshinda binti yako.

Kila kitu kingine alikirithi. Anajua mikondo, anajua mitungi, anacheka majini kama wewe. Lakini mikono yake ina huruma ya haraka. Alifanya mtihani wa ualimu ukiwa hai akaanguka, akarudia akaanguka tena, na kosa lilikuwa lile lile. Mwanafunzi alilegeza miwani yake kama alivyoagizwa, na kabla hajaanza kuhangaika binti yako alikwishamvalisha, akamkaza mkanda, karibu amfute na pua. Mtahini, yule mama asiyecheka, alimwambia, "Hongera, umefaulu wewe kumvalisha mwenzio miwani. Yeye hajafanya lolote." Alirudi nyumbani akajifungia chumbani. Wewe ulimgongea mlango ukamwambia atoke ale, mitihani haikimbii.

Ukatangulia. Wiki chache baada ya msiba tukakumbushwa sheria tuliyokuwa tukiijua: bila mwalimu mwenye cheti, mtungi hautoki mlangoni. Wakaja watu wa kutaka kununua kompresa. Wakaja wa kutaka chumba wauzie vigae ndani yake. Mdogo wako aliwaonyesha mlango kwa maneno ambayo gazeti halichapi. Lakini ukweli ulikuwa pale pale, binti yako asipofaulu safari hii, tunafunga, na kazi ya maisha yako inakuwa vigae.

Mtihani ulikuwa kulichukua darasa la watu watatu, kuanzia bwawani hadi kwa Bi Mkubwa, chini ya jicho la mtahini yule yule. Wanafunzi wakapatikana wawili tu, msusi na mhasibu. Wa tatu akakosekana. Tukakaa sebuleni tumeinamisha vichwa, ndipo mumeo akakohoa.

"Mimi nitakuwa wa tatu."

Mama Mapovu, tulidhani amechanganyikiwa. Daktari wa meno yule, mtu ambaye miaka yote alikuleta gatini kwa gari akaligeuza lielekee mjini, akasoma gazeti mpaka utoke! Mtu anayeoga kwa kopo kwa sababu bomba la juu linamtisha!

"Baba," binti yako akamwambia, "wewe hata sura huitii kwenye maji."

"Nimeshakubali, usinibembeleze nikatae. Maji nimeyavulia nguo."

"Bado hujavua, baba."

"Basi nipe hiyo suti nivue."

Bwawani alituaibisha na akatufurahisha. Kutwa nzima anawaambia wagonjwa wasikaze taya, lakini siku ya kwanza tu alikata kwa meno mpira wa kupumulia wa mdomoni, vipande viwili, akavitema mkononi kama jino. Mdogo wako alimwambia, "Shemeji, hicho si cha kula." Akapewa mwingine akautafuna nao. Ila hakuacha. Kuvua miwani chini ya maji na kuivaa tena alikuweza hatimaye, lakini kila mara mkono mmoja umeng'ang'ania ukuta wa bwawa. Binti yako aliliona hilo. Mtahini naye aliliona, akaandika.

Na binti yako alikuwa na bwawa lake mwenyewe la kuvuka. Asubuhi kabla ya watu kufika alikuwa akishuka peke yake kwenye kina kifupi, mdogo wako akimtazama ukingoni, yeye akikaa chini kabisa mikono kifuani, asifanye kitu. Alituambia baadaye kwamba ni kazi ngumu kuliko kubeba mitungi. Mikono ilikuwa inataka kwenda yenyewe. Alikuwa akikuwaza wewe, akijiuliza kama na wewe ilikuwa ikikuwasha vile, au wewe ulizaliwa hivyo. Mdogo wako akamjibu, "Nani, mama yako? Mwanzoni alikuwa akiwakumbatia wanafunzi mpaka wanashindwa kupumua. Hiyo mikono alijifunza kuikunja." Binti yako hakuwahi kuambiwa hilo. Akashuka tena majini.

Siku yenyewe bahari ilikuwa safi, hewa imetulia. Begi alizima injini juu ya Bi Mkubwa akasema, "Yupo, hajahama." Wakashuka kwa kufuata kamba, binti yako mbele, msusi na mhasibu, mumeo, na mtahini nyuma yao. Mumeo alitelemka akiishika kamba kama mtu anayeshuka mnazi, lakini alitelemka. Kisha kamba ikaisha, akabaki ameelea na maji matupu pande zote, na Bi Mkubwa yupo chini yake na masinki yake yote.

Msusi ndiye aliyefanya kituko. Aliona samaki mkubwa kwenye sinki, akageuka kwa furaha, na pezi lake likampiga mumeo usoni. Miwani ikapanda hadi kwenye paji la uso, maji yakamjaa machoni na puani. Akafumba macho. Mikono yake ikaanza kutafuta ukuta. Hakuna ukuta. Akainua kichwa kuelekea juu, na kila aliyesomeshwa na wewe anajua kuwa kukimbilia juu kwa hofu, pumzi umeizuia, ndiko kunakoua watu.

Binti yako alikuwa amefika tayari. Alikuwa karibu kiasi cha kuona mikunjo ya uso wa baba yake. Moyo wake, anasema, ulikuwa ukipiga mpaka kwenye mtungi. Huyu si mwanafunzi tu, ni baba, na mama hayupo tena, na mkono mmoja tu ungelimaliza jambo. Mkono wa kushoto aliusogeza mpaka nyuma ya jaketi la baba yake, asimguse, tayari kumdaka akipanda. Wa kulia ukaondoka wenyewe kuelekea kwenye miwani. Ulifika nusu ya njia.

Akaurudisha kifuani.

Mumeo alipumua. Povu moja kubwa, halafu lingine. Kidogo kidogo akaacha kutafuta ukuta. Mikono yake miwili, mikono ile inayojua kufanya kazi ndogo ndani ya midomo ya watu, ikapanda polepole hadi kwenye paji la uso, ikaikuta miwani, ikaishusha, ikaibana juu, akapuliza kwa pua. Maji yakatoka nusu. Akapuliza tena. Yakatoka yote. Akafumbua macho, na kitu cha kwanza alichokiona ni mwanao yupo mbele yake, mkono mmoja kifuani.

Akamwonyesha ishara ya duara ya vidole, kwamba yuko salama. Kisha akatazama chini akaona masinki, mengine yamevaa matumbawe, mengine yana samaki wadogo wanaoingia na kutoka kama watu wenye zamu. Alizunguka Bi Mkubwa mzima. Hakumshika.

Walipopanda botini, mumeo alikaa kwenye ubao akitweta.

"Mwanangu, ulitaka kuniua?"

"Mkono wangu ulikuwa mgongoni kwako, baba. Tangu mwanzo."

"Sikuuhisi."

"Sikukugusa."

"Basi bibi wewe ni mama yako mtupu."

Mtahini akavua kofia ya mpira, akamtazama binti yako kwa muda mrefu, mpaka Begi akaanza kuomba dua kwa sauti. "Mkono wa kulia uliutoa," akasema. Binti yako akainamisha kichwa. "Nimeuona ukitoka, na nimeuona ukirudi. Kutoka ni ubinadamu. Kurudi ndio ualimu. Umefaulu." Halafu akamgeukia mumeo. "Na wewe daktari, mpira wako wa mdomoni umekatika tena. Kipande chake kiko wapi?"

"Nimekimeza."

Mama asiyecheka akacheka. Begi alipiga honi mpaka gatini, mdogo wako akatoka mbio bila viatu akipiga vigelegele kabla hajajua anapigia nini. Msusi alimwomba radhi mumeo kwa teke lile, akajibiwa kwamba lisingekuwa hilo teke kusingekuwa na sherehe.

Lakini kabla ya kushuka botini mumeo alimshika binti yako mkono, na hili ndilo tulilotaka hasa kukwambia. Alikuwa analia wazi wazi, hakuficha. "Miaka yote hii," alisema, "nilikuwa nikikaa garini nikimhesabia mama yako hatari. Kumbe alikuwa akienda kwenye uzuri kama ule. Nimeuona. Nimekuwa pale pale alipokuwa." Binti yako akamkumbatia kwa nguvu, mikono yote miwili, maana walikwishafika juu na mtihani ulikwisha.

Kwa hiyo, Mama Mapovu, kompresa iko mahali pake na kelele zake zile zile. Vigae vitafute chumba kingine. Cheti kimetundikwa juu ya meza ya mapokezi, kimepinda kidogo, na mdogo wako haruhusu mtu akinyooshe kwa sababu anasema amekitundika yeye.

Unakumbukwa na mumeo, daktari wa meno. Na mdogo wako wa mapokezi, ambaye bado anagombana na mchanga. Na Begi, nahodha wako. Na wajukuu zako, ambao wanafanya mazoezi ya kuzuia kicheko ndani ya beseni na wanashindwa. Na shemeji, wakwe, majirani na wote uliowafundisha kupumua. Na unakumbukwa na binti yako, ambaye kuanzia mwaka huu hata sisi nyumbani tunamwita Mwalimu.

Maadamu tunavuta pumzi, hututoki moyoni.

Darasa jipya linaanza Jumamosi. Mumeo amejiandikisha tena.