Mama, Safari Hii Usinikinge

Mama mpendwa,

Mguu unaendeleaje na hiyo baridi ya Dundori? Na yule ng'ombe mtundu, bado anakupiga teke? Mimi huku Qatar ni mzima wa mwili. Nalinda ghala la vigae, joto ni kali, lakini kinachoninyima raha si joto.

Dada yangu Wambui ameniambia kwamba barua ya benki ilipofika ulicheka, ukaandika umejiuzulu udairekta, ukasema mambo yamekwisha. Hayajakwisha, Mama. Kwenye simu nilizoea kukuambia, "Kampuni ikifa, inakufa na deni lake." Sasa kampuni yetu ya kubeba viazi vya Molo imefilisika, malori yameuzwa, na deni halijaisha. Ile karatasi uliyosaini Nakuru ilikufanya mdhamini wa mkopo huo, na kujiuzulu hakuifuti. Benki inataka shamba lako, pamoja na pale Baba alipolala.

Unakumbuka siku ile? Ulifunga kitambaa kipya kwa sababu ulikuwa dairekta. Ukaniuliza, "Hii inasema nini, Ndung'u?" Nikakujibu, "Ni ya mkutano tu, Mama, saini hapa." Nilijua inasema nini. Nilikudanganya. Woi, Mama, aibu inanila!

Wakili aliyetafutwa na Wambui anasema mlango uliobaki ni mmoja. Korti ikiamini hukuelezwa, wala benki haikukuambia umwone wakili wako mwenyewe, huenda shamba likapona. Kwa hivyo nimeapa kwa maandishi kwamba nilikudanganya. Deni linirudie mimi. Nikitangazwa mufilisi, na iwe.

Alhamisi wakili atakuja kukuuliza kama ulielewa ulichosaini. Hapo ndipo ninapoogopa, kwa sababu nakujua. Nilipovunja dirisha la kanisa ulimwambia mchungaji ni upepo. Utasema, "Nilielewa kila kitu, mwanangu hana makosa." Ukisema hivyo tu, shamba limeenda na kiapo changu ni bure. Tafadhali, sema ukweli: "Aliniambia ni ya mkutano." Usinionee huruma hata kidogo.

Nisalimie Wambui, na mjomba anayekukamulia ng'ombe, na mama jirani anayekuchotea maji. Mchungaji naye msalimie sana. Mwambie lile dirisha nilivunja mimi.

Mwanao,
Ndung'u