Vijiko Viwili vya Uji

Alhamisi, Agosti 1978

Vidole bado vinanuka wino. Kutwa, hapa masjala ya hospitali, nimenakili mafaili ya watoto waliofariki kwa surua, kwa ajili ya utafiti wa daktari mgeni. Agizo lake ni kwamba majina yasionekane, niandike namba tu. Nilinuna, lakini niliandika.

Saa nane akaingia Mama Kulwa. Amemleta Doto, pacha aliyebaki, anakohoa.

“Shikamoo, Mama Kulwa.”

“Marahaba, mwanangu.”

Bado tunamwita kwa jina la marehemu, na asubuhi jina hilohilo nilikuwa nimeligeuza namba.

Sikuweza kumficha. Nikamweleza faili la Kulwa liko mezani kwangu, na kwa nini.

“Litasaidia watoto wengine?”

“Daktari anatumaini hivyo.”

“Basi nisomee na mimi. Sijawahi kujua kilichoandikwa.”

Nikasoma. Homa, sindano, homa tena. Mstari wa mwisho ni wa nesi wa zamu ya usiku, usiku ule mama alipokuwa amerudi kijijini kwa Doto, ambaye naye aliugua: “Ameomba uji. Amekunywa vijiko viwili, amelala.”

“Kumbe hakuondoka na njaa,” akasema Mama Kulwa. Akamkaza Doto mgongoni, akaenda kupanga foleni.

Fomu ya daktari haina nafasi ya uji. Nimeuandika pembeni. Akitaka kuukata, aukate mwenyewe. Mimi siukati.