Barua ya Kumrudisha Hajja

Jumapili, 2 Novemba. Malaz, Riyadh

Hajja: presha 136 kwa 80. Sukari 7.2. Uji nusu bakuli, malalamiko bakuli zima.

Barua pepe zimekuja! Vyuo vyote viwili vya udaktari. Sijakubaliwa, sijakataliwa — niko kwenye orodha ya kusubiri. Wanataka barua ya taarifa mpya: ukurasa mmoja, yaliyotokea tangu nitume maombi mwezi wa nne, pamoja na maneno ya mtu aliyeniona nikifanya kazi. Mwisho Ijumaa tarehe 21.

Nimezisoma mara tano jikoni, nikacheka peke yangu. Metrine wa Kakamega, mtunza mama wa watu Riyadh, miaka ishirini na sita. Kumbe bado kuna mlango.

Ya kuandika ninayo. Cheti cha huduma ya kwanza nilichopata kwa kusoma kwenye simu. Vipimo vya Hajja, miezi saba bila kuruka siku. Kidonda cha kisigino nilichokifunga mpaka kikapona.

Halafu nikakumbuka insha niliyoituma na maombi.

Jumatatu, 3 Novemba

Presha 140 kwa 82. Ameniuliza mara tatu kama treni ya Jeddah imefika. Hakuna treni.

Nimeifungua insha. Ni heri ningeiacha.

Mwezi wa nne nilikuwa na wiki tatu tu hapa. Swali lilisema: eleza mgonjwa aliyekubadilisha. Mgonjwa gani? Hajja alikuwa bado ananiita "wewe". Basi nikakaa kando ya mashine ya kufulia, nikamuua.

Nilimpa kifo kizuri, hilo siwezi kukataa. Jeddah, nyumba ya utotoni mwake, chumba chenye dirisha la kijani. Alhamisi, azana ya alasiri. Anakataa chakula, anataka chungwa, halili, ananusa tu. Ananiita daktari kwa mara ya kwanza. Ananiambia nifungue dirisha. Ninaliendea, ninageuka, amekwenda. Nililia nikiandika, mjinga mimi.

Na mwenyewe yuko chumba cha pili sasa hivi, anagonga fimbo, chai imechelewa.

Jumatano, 5 Novemba

Presha 134 kwa 80. Ametembea mpaka msalani na kurudi bila kushikwa.

Nimempigia Velma. Tulifundishwa pamoja Nairobi kabla ya kuja. Yeye anasafisha ofisi mtaa wa Olaya, hapa hapa Riyadh. Alicheka mpaka akakohoa. "Wewe msichana, ulimuua mtu kwa fomu, sasa unataka kumfufua kwa barua? Andika cheti, andika BP, andika kidonda. Hao watu hawatapanda ndege kuja kutafuta kaburi."

Ana akili Velma. Nikaamua hivyo: mazuri yaingie, kifo kinyamaziwe.

Jioni Madam, binti wa Hajja, akaniuliza mbona simu haitoki mkononi. Nikamwambia nusu ya ukweli, kwamba nahitaji mtu wa kunishuhudia. Akafurahi kweli. Akasema ataandika mwenyewe: mama yake anatembea kwa sababu yangu, mama yake ana afya kuliko mwaka jana. Halas, nisijali.

Nikasema shukran. Shahidi wangu pekee ataapa kwamba maiti wangu anatembea. Njia ya mwongo ni fupi — yangu haikufika hata kwenye kona.

Jumamosi, 8 Novemba

Presha 138 kwa 84.

Tunakwenda Jeddah.

Madam amesema akiwa anapaka kucha rangi, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Hajja ameililia Jeddah mpaka wamechoka. Nyumba ya zamani bado ipo, binamu anaitunza. Tutaruka tarehe 16, tukae wiki moja.

Miezi saba hakuna aliyewahi kutaja kumpeleka. Nimejiambia ni kawaida, mzee hutaka kwao. Nimejiambia hivyo siku nzima.

Jumatatu, 17 Novemba. Jeddah

Presha 128 kwa 76. Amechoka na safari.

Dirisha ni la kijani.

Nilisimama mlangoni na sanduku mkononi mpaka Madam akasema yalla, ingia. Ni dirisha la mbao, la kizamani, limejitokeza juu ya kichochoro. Kijani kile kile nilichokiandika, kilichobanduka pembeni. Nimemuuliza Hajja kama aliwahi kunisimulia rangi yake. Ameniambia: "Mimi nilidhani wewe ndiye uliyenisimulia."

Ni mzee, anachanganya mambo. Lakini sikutaka kukaa peke yangu naye.

Intaneti humu ndani inashika dirishani tu. Ukitaka kutuma kitu lazima usimame pale. Nimesimama kidogo, nikarudi haraka.

Jumanne, 18 Novemba

Presha 118 kwa 70. Amekataa kifungua kinywa. Amekataa cha mchana.

Saa kumi akasema anataka chungwa. Nikamwambia hakuna. Lilikuwepo, nimelificha nyuma ya mchele. Binamu akalipata, akalimenya, akampa. Hajja hakula. Alilishika puani, macho yamefungwa, anatabasamu.

Maganda nimeyatupa nje, mbali na nyumba.

Jumatano, 19 Novemba

Presha 110 kwa 64. Daktari wa zahanati amekuja, akasema ni umri na uchovu, anywe maji. Nimempa maji kila nusu saa.

Wacha niandike nilichofikiri, kwa kuwa hapa hasomi mtu.

Nilikuwa namfuta mikono. Nikawaza: kama angeondoka kabla ya Ijumaa, karatasi zote zingekubaliana. Madam angeandika "marehemu mama yangu", na nani angeuliza tarehe? Ningekuwa daktari. Nilikaa na wazo hilo labda sekunde tano. Halikuniuma. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko dirisha.

Nilipoinua uso, Hajja alikuwa ananitazama. Akasema, polepole sana, "Shukran, daktari."

Kwanza aliniita "wewe", kisha binti. Leo daktari.

Nimempigia Velma huku nalia. Hakucheka. Akauliza kama nimemwambia mtu yeyote huko. Nikasema hapana. Akasema, "Kesho ni Thursday, Metu. Usitoke kwa hiyo room."

Nyanya yangu hakuruhusu mtu kutaja msiba wa aliye hai. Alikuwa akisema aliyeanzisha kilio akizime mwenyewe, mbele ya wale wale waliomsikia. Mimi nililia mbele ya vyuo viwili.

Alhamisi, 20 Novemba

Asubuhi presha 104 kwa 60. Mapigo 74.

Madam amekwenda sokoni na binamu. Mimi nimebaki. Nimeandika barua yote upya, nimekaa kwenye kiti kando ya kitanda. Hajja ameushika mkono wangu wa kulia, nikaandika kwa kidole cha kushoto.

Cheti nimekishusha mstari wa mwisho. Kidonda na vipimo viko katikati. Juu kabisa, kabla ya yote, nimeweka hili: "Katika insha yangu nilisema mgonjwa wangu alifariki. Niliyabuni. Jina lake ni Hajja Wafaa, yu hai, na ninapoandika haya nimemshika mkono." Nimesoma mara moja tu. Ningesoma mara ya pili ningefuta. Nimeambatisha barua ya Madam, inayosema mama yake ana afya njema.

Udaktari umekwisha, najua. Naumia sana, tena sana. Nimeutaka tangu darasa la sita.

Saa tisa na dakika tano. Chuo cha kwanza — imekwenda! Sijui mtandao umetoka wapi, alama moja tu. Mapigo 70.

Ya chuo cha pili inazunguka. Inazunguka tu.

Nimempigia Madam, simu ya kawaida inapita. Yuko njiani, barabara imejaa. Nimemwambia aje na gari la wagonjwa.

Saa tisa na robo. Mapigo 66. Ya pili imerudi: haikutumwa. Nimejaribu tena. Haikutumwa. Hatua nne kutoka hapa mpaka dirishani. Nikisimama pale itakwenda papo hapo.

Azana inaanza. Msikiti wa karibu kwanza, halafu mingine nyuma yake.

Hajja amefumbua macho. Anasema nifungue dirisha.

Nimemwambia hapana.

Ameniomba tena, kwa upole, hajakasirika. "Fungua, daktari."

Simu iko mapajani, barua haijakwenda. Naandika kwa mkono wa kushoto, herufi zinakwenda ovyo. Wa kulia uko kwenye kifundo chake cha mkono. Sitainuka.

Mapigo 61. Nahesabu tena.