Kitabu Alichopendekezewa Marehemu

Sakai, Osaka,
Japani.
18 Novemba 1983

Mpendwa Shangazi Tamae,

Shikamoo. Unaendeleaje na magoti yako huko Brazili? Bila shaka joto limeanza, na binamu Goro anakulazimisha uvae kofia shambani. Sisi huku baridi imeingia. Mti wa persimoni ulioupanda kabla hujasafiri umezaa mpaka matawi yameinama, na mama huyaanika matunda dirishani kama zamani. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio hauna raha.

Nianze na ile bahasha. Najua imekushangaza: kurasa chache zilizokatwa kitabuni, bila salamu wala jina. Ilitoka kwangu. Niliituma kwa woga, na woga haukuniachia nafasi ya kuandika. Mficha uchi hazai, kwa hiyo leo nakueleza yote.

Unakijua kile Chama cha Alfajiri cha kaka yako, marehemu baba. Wenye viwanda hukutana kila Jumanne kabla ya kazi, wakanywa chai, na mmoja akasimama kueleza kitabu alichopendekezewa na mwenzake. Anayependekezewa hana ruhusa ya kukataa. Atakisoma, atasimama kutoa maoni yake, halafu naye atapendekeza kingine kama shukrani. Baba alikipenda chama hicho kuliko kiwanda chake cha kengele za baiskeli. Mdogo wangu Shunji ndiye aliyekuwa akikikimbia. Yule mtoto tangu utotoni hasomi kitu zaidi ya maandishi ya kwenye pakiti ya chambo.

Kabla ya kufariki mwezi wa Agosti, baba alikuwa amempendekezea kitabu Mzee Hatanaka, yule jirani mwenye kiwanda cha tofu ya soya. Hatanaka alibaki na deni la heshima, na unajua watu wetu hawalali na deni la namna hiyo. Siku ya arobaini na tisa, watawa walipokwisha kusoma sala, alitoa kitabu kwenye kitambaa, akakiweka kwenye madhabahu ya nyumbani mbele ya picha ya baba, akainama.

“Eizo, hiki ni kizuri,” alisema. “Kisome, halafu uje utuambie umekionaje.”

Tulilia na kucheka pamoja. Hakuna aliyefikiri. Siku ile ndiyo marehemu huaga akaenda zake, Shangazi. Yeye akapewa kazi ya kufanya.

Mimi ndiye hubadilisha wali na chai kwenye madhabahu kila asubuhi. Hazikupita siku nyingi nikaona utepe mwekundu wa kitabu umesogea mbele. Nikadhani ni mama. Mama naye alidhani ni mimi, na alipojua si mimi uso wake uling'aa kama wa bi harusi. Akatoa miwani ya baba kwenye kasha, akaiweka kando ya kitabu. Nilipotaka kukiondoa alinipiga kofi mkononi.

“Wewe, usiguse hapo! Baba yako amefika patamu.”

Nikakiacha. Baada ya miezi ya kukataa chakula, mama alikuwa anakula tena, na mimi ni nani wa kumnyang'anya furaha hiyo?

Kisha likaja la Shunji. Amerithi kiti cha baba chamani, na Jumanne moja nilikwenda naye. Mzee Hatanaka akaanza utani wake: “Haya bwana mkubwa, mwaka huu tutegemee utasoma hata jalada?” Wazee wakacheka. Shunji akasimama. Akakohoa mara mbili, ngumi mdomoni kama baba, akafanya kama anavua miwani asiyoivaa, akaanza kueleza habari za mfanyabiashara mmoja wa kale na kampuni aliyoijenga kwa mikono yake. Kilikuwa kile kitabu cha madhabahuni, ambacho Shunji hajawahi kukifungua. Alikieleza mpaka pale utepe ulipokuwa asubuhi ile, akakoma.

“Sehemu iliyobaki nitawaeleza nikiimaliza,” alisema, akaketi.

Wakampigia makofi, kisha hakuna aliyegusa chai yake. Njiani nilimuuliza amesema nini. “Si nilisema sijasoma, wakanicheka?” alinijibu, na sauti yake ilikuwa yake tena, si ile ya baba.

Toka hapo alianza kupotea kidogo kidogo. Akawa anachechemea kama baba, mguu ule ule. Kiwandani akigonga kengele za baiskeli kuzipima, anazigonga kwa kucha ya kidole gumba, kama baba. Siku moja mwanawe Chika, ambaye ndiyo kwanza ana miaka mitatu, alimshika suruali akamuuliza, “Babu, baba yuko wapi?” Mkewe alikimbilia jikoni asionekane akilia.

Nikajiambia kwamba baba akimaliza kitabu atakwenda kutoa maoni yake kwa kinywa cha Shunji, na akishatulia kwenye kiti kile hataondoka tena. Nampenda baba, Shangazi. Lakini Shunji ndiye aliye hai. Asubuhi moja mama akichuma persimoni, nilichukua wembe nikaikata sura ya mwisho bila kuisoma. Kuichoma niliogopa, kuiweka ndani niliogopa zaidi. Nikaipeleka posta, iende kwako wewe uliye mbali kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Utepe ulifika nilipokata, ukasimama. Nilidhani nimeshinda, kumbe nimechokoza nyuki. Tangu siku hiyo Shunji anatafuta. Anafungua makabati, anakung'uta mito, anapekua mifuko ya wafanyakazi. Ukimuuliza anatafuta nini, hajui. Hali wala halali, amebaki mifupa.

Jana nilimwendea Mzee Hatanaka nikamfokea kama mtu asiye na adabu. Hakukasirika. Alifuta mikono, akanikalisha.

“Nobuko mwanangu, ile sura ya mwisho ndiyo iliyonifanya nikichague,” aliniambia. “Yule mzee anampa mwanawe funguo, anatoka kwa mlango wa nyuma, hageuki. Baba yako alikuwa mgumu kuachia kitu. Nilitaka asome pale.”

Shangazi, nilitamani ardhi inimeze. Kumbe ni mimi mwenyewe niliyemfungia baba mlango. Mzee Hatanaka alirithi kitabu hicho kwa babake na hajaona nakala nyingine. Kungoja kurasa zirudi kwa posta ni kungoja majuma mengine, na Shunji sioni kama atayafikia.

Basi nakuomba, nikiwa nimepiga magoti. Usizirudishe na usizichome. Barua hii ikikufikia, weka kikombe cha chai na bakuli la wali mbele yako, umwite kaka yako kwa jina la utotoni, Eibo. Wewe ndiye pekee uliyebaki unayemwita hivyo. Kisha umsomee, polepole, mpaka neno la mwisho. Ukimaliza ufungue mlango wa nyuma.

Nisalimie binamu Goro na mkewe, na majirani wote waliomwombea baba. Mzee Hatanaka anainama mbele yako kuomba radhi. Mbingu zikulinde, zikupe nguvu za magoti na sauti isiyokwama.

Mama naye anakusalimu sana. Ametoka madhabahuni sasa hivi akaniona naandika, akasema nikuandikie kwamba baba anakusalimu pia, na kwamba anakungoja wewe umsomee mwisho.

Habari za zile kurasa sijamwambia mama, Shangazi. Sijamwambia mtu yeyote ziko wapi.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye,
Nobuko