Huruma kwa Mwalimu wa Hisabati

Alhamisi jioni, Mbulu mjini. Ukungu tangu asubuhi, manyunyu mchana, sasa kumetulia.

Emiliana ameingia Hisabati ya Upimaji. Aliyesema ni Mwalimu Projestus, mkufunzi wa hisabati, leo mchana, mbele ya darasa zima, vumbi la chaki likiwa limempanda hadi kwenye kiwiko cha sweta. Nilikuwepo. Baadaye mlangoni nilimwomba alirudie neno hilo, kwa mazoea ya kazi. Akalirudia.

Emiliana ni binti wa kaka yangu wa Masieda. Anaishi kwangu tangu aanze chuo. Kwa sababu hiyo habari hii sitaiandika gazetini. Mtu haandiki habari ya ndugu yake halafu akajiita mwandishi. Lakini hapa ni kwangu, na leo nina furaha mpaka nimechelewa kuinjika maharage.

Chuo chake kinawapokea wanaotaka kusomea upimaji ardhi, na kuna njia mbili za hisabati kwa anayeingia. Ya kwanza inaitwa Hisabati ya Upimaji. Ukiingia humo, unaanza fani yako mara moja. Ya pili ni Hisabati ya Msingi, kwa wale ambao sekondari iliwaachia mapengo. Hao wanarudia yale ya nyuma kwanza, na upimaji wenyewe wanauanza mwaka unaofuata.

Hakuna aibu kuanza Msingi. Kuna mwaka mzima tu.

Emiliana hana habari na fani nyingine. Alipokuwa mdogo wapima ardhi walikuja Masieda kuweka mpaka kati ya shamba la baba yake na la jirani. Mzee mmoja wa wapimaji akampa ashike fimbo ya kupimia, asimame wima, asitikisike. Alisimama. Ugomvi uliokuwepo tangu hajazaliwa ukaisha kabla maziwa ya wageni hayajachemka. Kisa hiki amenisimulia mara nyingi mno. Naweza kukiandika na macho yamefumbwa.

Zamani chuo kiliwapanga kwa alama ya kidato cha nne, basi. Mwalimu Projestus, aliyehamia huku mwaka huu kutoka Bukoba, aliona haitoshi. Alisema alama inakwambia mtu alifanya nini asubuhi moja kwenye chumba cha mtihani, haikwambii anafikiri vipi. Akaamua kumwita kila mwanafunzi peke yake, kufanya swali ubaoni, na kuzungumza naye. Niliposikia nilisema ni wazo zuri. Bado nasema hivyo.

Jumatatu majibu yalitoka. Emiliana, Msingi. Karibu wote waliotoka Mbulu na Hanang, Msingi. Waliotoka Arusha na mijini, Upimaji.

Alirudi nyumbani, hakulia. Aliosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Niandike ukweli: nilidhani amepimwa vizuri. Nimeona watu wengi wanaoipenda kazi isiyowapenda, na nilijiuliza kama binti huyu ni mmoja wao. Sikumwambia. Nilimwambia tu avae soksi, kuna baridi.

Jumanne jioni tulikaa jikoni tukimenya vitunguu swaumu. Alimenya vichwa vitatu, halafu akauliza:

"Shangazi, hivi mwalimu akiwa na tatizo, anaambiwa na nani?"

"Tatizo gani?"

"La hesabu."

Nilimwangalia. Hakuwa anatania.

"Yule Mwalimu Projestus. Alichora shamba la pembetatu, kona moja ya mraba, upande huu mita sitini, huu themanini. Akazidisha. Akaandika elfu nne na mia nane. Akaishia hapo! Hakugawa kwa mbili, Shangazi. Pembetatu ile ni nusu ya mstatili. Mtoto wa shule ya msingi anajua."

"Ukamwambiaje?"

"Aliniuliza kama ni sahihi."

"Ukajibu?"

"Nikasema, ndiyo mwalimu."

Niliweka kisu chini.

"Akauliza una hakika. Nikasema, ndiyo mwalimu. Sasa ningesemaje? Mtu mzima, mgeni, tena tuko wawili tu humo ndani. Nimkazie macho nimwambie umekosea? Baba akisikia?"

Nikamuuliza kama wenzake walimwambia. Akasema hakuna. Kila aliyetoka alikwenda pale kwenye baraza, na wote walikuwa na habari ileile. Boay, kijana wa Endasak ambaye hakosi la kusema, alisema itakuwa ni baridi, mtu wa ziwani akiletwa huku juu damu inachelewa kufika kichwani. Wakakubaliana wasiisambaze. Wasichana wawili wa Endagikot walishauri aombwe makamu mkuu wa chuo, ambaye ni mama mtu mzima, amsaidie mwalimu taratibu, bila kumwaibisha.

"Maana ametoka mbali," Emiliana akamalizia. "Hana ndugu hapa."

Nilicheka mpaka jirani akauliza dirishani kuna nini.

"Emiliana. Alikosea makusudi."

"Nani? Mwalimu?"

"Mwalimu."

"Makusudi ili iweje?"

"Aone kama mtaona."

Alikaa na kitunguu mkononi, akakigeuza, akakirudisha kwenye sinia bila kukimenya.

"Huo si utani mzuri, Shangazi."

Jana nilikwenda chuoni. Nilijitambulisha vizuri: mimi ni mwandishi, lakini sikuja kuandika, kwa sababu mmoja wa waliopangwa ni binti wa kaka yangu. Mwalimu Projestus ni kijana. Alinisalimia shikamoo kabla sijakaa, akanivutia kiti, akakifuta kwa kiganja. Nikaliweka hilo akilini.

Nilimuuliza kwa nini wa huku wameanguka wengi. Akasema kwa masikitiko kwamba hata yeye hakutegemea. Aliwapa kosa la wazi kabisa, na mmoja baada ya mwingine wakasema ni sahihi. Wengine waliapa.

"Mwalimu," nikamwambia, "mbili jumlisha mbili ni tano."

Akatabasamu.

"Si utani. Mimi ndiye nasema, nimekaa hapa kwenye kiti chako. Ni sahihi?"

Akashika kalamu akaiacha.

"Mama, labda... labda tungehesabu tena kwa pamoja."

"Hukusema nimekosea."

"Hapana, mama."

"Basi na wao ni hivyohivyo. Waliona wote. Wanakuonea huruma."

Nimekaa kwenye mikutano ya madiwani miaka mingi na nimewaona watu wakipokea habari mbaya kwa namna zote. Huyu alitazama ubao, halafu akaanza kucheka mabega yakimtikisika, mpaka akalazimika kuvua miwani. Nilipomweleza habari ya makamu mkuu na msaada wa taratibu, akaegemea ukuta. "Ndiyo maana," akasema. "Ndiyo maana jana waliniletea asali."

Sikujua kama kulikuwa na asali. Emiliana hakuitaja.

Alipomaliza kucheka alikuwa mtu mwingine. "Nitawapima upya kesho. Wote, si binti yako tu. Na nikwambie mapema, mama, sitampa mtu darasa kwa sababu ya shangazi yake."

Nilimjibu kwamba hilo ndilo nililokuja kutafuta. Nilimwona anastahili asali.

Usiku wa jana Emiliana hakuuliza atapimwa kwa njia gani, na mimi sikujua. Alinyoosha sare, akainyoosha tena.

Leo, basi. Mwalimu aliniruhusu nikae nyuma kwa sharti la kunyamaza. Ukutani alikuwa amebandika karatasi kubwa zilizoandikwa kwa mkono, kila moja na swali na njia yake hadi mwisho. Akawaambia ni kazi za mwanafunzi mmoja. Nyingine zina makosa, nyingine hazina. Kila mmoja atapewa zake, azisome mbele ya wenzake, aseme anachoona na kwa nini.

Mwanafunzi. Si mwalimu. Nilijizuia kutabasamu.

Sijawahi kuona darasa likibadilika haraka hivyo. Watoto walewale waliojibu "ndiyo mwalimu" walisimama na vidole. Msichana mmoja wa Endagikot aliisimamia karatasi yake kama mama mkwe aliyekuta nyumba haijafagiliwa. Aliona kosa mstari wa pili, akaonyesha lilivyoharibu wa nne, akauliza huyu mtu alifundishwa na nani.

Zamu ya Emiliana ilipofika mikono yangu ilikuwa baridi. Nasema ilikuwa hali ya hewa.

Karatasi yake ya kwanza haikuwa na kosa. Aliikagua taratibu kutoka juu, akarudi juu tena, akasema iko sawa. Mwalimu akamuuliza una hakika. Nilishika ukingo wa benchi, maana swali ni lilelile la siku ile.

"Nina hakika, mwalimu. Nimerudi na njia ya nyuma, jibu linaingia."

Karatasi ya pili ilikuwa na mabano: x jumlisha tano, yote kwa kipeo cha pili. Jibu lililoandikwa lilikuwa x kwa kipeo cha pili jumlisha ishirini na tano. Emiliana aliitazama, halafu nikaona bega lake la kulia likipanda. Ni bega la baba yake akiona ng'ombe wa mtu ndani ya mahindi.

"Sasa huyu!" akasema. "Huyu kafungua mabano kama anafungua zizi, kaacha nusu ya ng'ombe humo ndani. Kumi x iko wapi? Tano mara x, na tano mara x tena, zimeenda wapi? Huyu akipima shamba langu namfukuza na fimbo yake. Boay, ni wewe?"

"Si mimi!" Boay akapaza sauti. "Mimi mwandiko wangu mbaya zaidi!"

Darasa likalipuka. Emiliana akachukua chaki, akachora mraba, akaugawa sehemu nne, akaonyesha zile sehemu mbili zilizosahauliwa, kila moja tano kwa x. Aliandika kumi x mahali pake, akapigia mstari.

Mwalimu Projestus akakohoa. "Ahsante. Karatasi hizo nimeziandika mimi, jana jioni."

Mvua ilisikika juu ya bati.

Emiliana alishika mdomo kwa mkono wenye chaki. Akapiga goti kidogo, uso mweupe kwa vumbi kuanzia pua hadi kidevu, akasema neno pekee lililomjia:

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kumi x umeipata?"

"Nimeipata, mwalimu."

"Basi wewe ni Upimaji. Na hilo shamba lako sitalipima."

Hapo ndipo nilipovunja sharti la kunyamaza. Sitaeleza nilitoa sauti gani.

Si wote waliohama. Boay alikuta kosa mahali pasipo na kosa, akalitetea kwa nguvu, akalitetea tena, halafu akakaa chini akikuna kichwa. "Mwalimu," akasema, "ile siku nilinyamaza kwa heshima. Lakini nikisema ukweli wote, ile nusu ya pembetatu hata mimi sikuiona. Niliisikia barazani." Walicheka mpaka wengine wakalala juu ya madawati, na yeye akicheka kuliko wote. Amebaki Msingi. Nilimuuliza mlangoni anajisikiaje. Akasema, "Afadhali, shangazi. Kule ningekuwa nasema ndiyo mwalimu mpaka Desemba."

Nimelifikiria jibu hilo njiani. Leo watu wawili ninaowajua wamepangwa, mmoja juu na mmoja chini, na wote wawili wamepelekwa mahali pao. Sijaripoti mambo mengi yaliyokwenda hivyo.

Jioni nilimpigia kaka Masieda. Nilimpa habari kwa mpangilio, kama ninavyoipeleka kwa mhariri. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ngoja kwanza," akasema. "Amemwambia mwalimu atamfukuza?"

"Hakujua ni yeye."

"Na fimbo yake?"

"Na fimbo yake."

"Halafu akapewa darasa la juu?"

"Ndiyo, kaka."

Kwenye simu nikasikia kuku na mtu akiita mbuzi. "Mpe simu," akasema. Emiliana alipokea kwa mikono miwili kana kwamba baba yake anamwona. Sikusikia alichoambiwa. Nilimsikia yeye tu: ndiyo baba, ndiyo baba, hapana baba, ndiyo baba. Halafu akacheka, na nikajua mzee naye anacheka.

Mwalimu Projestus amewaahidi kitu kimoja zaidi. Katika kila kipindi ataweka kosa moja ubaoni, makusudi, na hataendelea mpaka mtu aliseme kwa sauti, yeye mwenyewe akiwa amesimama pale, mtu mzima, na miwani yake. Hakuna karatasi ya kujificha nyuma yake.

Emiliana anajiandaa. Maharage sasa yanachemka, na kutoka jikoni namsikia akiliambia sufuria, kwanza polepole, halafu kwa sauti kamili:

"Shikamoo, mwalimu. Mstari wa tatu umekosea."

Kipindi cha kwanza cha Hisabati ya Upimaji ni Jumatatu, saa mbili asubuhi.