Choo Nilichochimba Kimya

Juba, Jumapili. Mwezi wa saba tangu niondoke nyumbani.

Mjukuu wangu Keji, salamu. Mgongo unauma, lakini kazi ya matofali ipo. Unauliza kama mumeo amekuchoka, maana mkigombana ananyamaza.

Wakati wa vita tulikaa hapa Juba, mtaa wa Hai Malakal. Mizinga ikilia, bibi yako alikwenda kwa jirani, wanawake wakaongea woga wao mpaka wakacheka. Mimi nilichimba choo, siku tatu bila neno. Siku ya nne akafunga mzigo arudi kwao, akidhani nimemchoka.

“Baba Wani,” akaniita, “choo kimetosha. Unamzika nani humo?”

“Naogopa,” nikasema.

Akaketi ukingoni. Yeye akaongea, mimi nikachimba, na hakuondoka.

Mvua zikikatika nitarudi. Natumaini nitawakuta wote wawili, wewe na mumeo.

Babu yako