Maikrowevu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Imerudi tena. Mara ya pili. Nafula, mke wangu, ameileta kwa boda kutoka kwa mama yake, mtaa wa Makina, imefungwa shuka. Malalamiko ni yale yale: taa inawaka, sahani inazunguka, chakula kinatoka baridi vile kiliingia. Nimeichomeka hapa dukani Gatina, nikatia kikombe cha maji. Dakika moja na nusu, yamechemka. Nimemwambia Nafula aweke kidole. Amekataa, mvuke ulimtosha.

Jumanne, 4 Machi
Nimeifungua yote. Kapasita nimeitoa chaji kwanza, stima yake inaua, sitaki kuacha mjane. Dayodi nzima. Magnetroni, ile inayopasha chakula, nzima. Swichi za mlango nimebadilisha zote tatu ingawa hazikuwa na kosa. Aibu inanimalizia vipuri.

Alhamisi, 6 Machi
Imekataa tena kule. Nafula amepiga simu jioni, sauti ya chini. Mama amesema, "Mwambie baba asijisumbue." Baba ni mimi, ndivyo anavyoniita kwa heshima. Hiyo imeniuma kuliko matusi.

Nampenda yule mama. Alinikubali nikiwa sina hata bisibisi. Tangu apate kiharusi mkono wa kulia hauna nguvu, na mwezi uliopita moto wa stovu ulimshika leso. Stovu tumeiondoa. Nafula humpelekea chakula kimepikwa, kazi yake ni kupasha tu. Hii mashine ikishindwa, atarudi Bungoma akae peke yake, mbali na kliniki. Kwangu hawezi kulala. Sisi Wabukusu mama mkwe halali kwa mkwe, na mkwe haingii kwake vivi hivi. Ndiyo maana mashine inasafiri na mimi nakaa dukani.

Ijumaa, 7 Machi
Imerudi dukani, na sijafanya kazi ya mtu. Nimechemsha maji vikombe sita, nimekunywa chai mpaka tumbo likavimba. Inafanya kazi, jamani. Nafula ameongea na kaka yake kuhusu basi la kumrudisha mama Bungoma. Jumatatu.

Jioni hii ndiyo nimejiuliza swali ambalo mteja mwingine yeyote ningemuuliza siku ya kwanza: huko nyumbani stima ikoje? Kwa wateja huwa naenda kuangalia. Kwa mama mkwe niliogopa mlango.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeenda Makina na mita yangu na mashine. Mama ametoka akakaa mlangoni kwa Halima, jirani anayepigia watu nguo pasi, akanipa mgongo ili niingie bila aibu.

Saa kumi na mbili unusu jioni. Balbu ilikuwa nyekundu, imechoka. Mita ikaonyesha volti mia na sitini, badala ya mia mbili na arobaini. Nyumba nane kwa waya mmoja mwembamba, na saa hiyo kila mtu ana koili ya kuchemshia maji ndani ya ndoo, Halima na pasi yake. Stima hiyo inatosha taa na sahani. Kupasha haitoshi. Nimecheka peke yangu mle ndani.

Nikaomba majirani wazime koili na pasi. Maji kwenye mashine yakachemka. Mama akasema bila kugeuka, "Kumbe haikuwa wewe."

Halima akauliza mama anahitaji dakika ngapi. Nikamwambia tatu.

"Tatu tu? Si agonge ukuta, sisi tunazima. Hiyo ndiyo mlitaka kumpelekea Bungoma?"

Nafula amepigia kaka yake simu. Basi la Jumatatu litaondoka bila mtu wetu.

Jumapili, 16 Machi
Baada ya kanisa nimeenda kumbadilishia soketi, ile ya zamani ilikuwa imeungua pembeni. Nimemaliza, nikatoka nje kunawa. Mama akaingia. Nikasikia akigonga ukuta, kisha "zima" ikapita mlango hadi mlango mpaka mwisho wa ploti.

Alipotoka alienda kwa Halima moja kwa moja. Nafula akaniambia niingie, kuna kitu changu. Juu ya stuli, ugali na kunde, vimefunikwa kwa sahani. Kunde za moto hadi katikati.

Miaka tisa ya ndoa. Leo ndiyo mara ya kwanza mama kunipakulia.